Mama Bosibori Arudishwe Kundini

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nimesimama peke yangu katikati ya shamba langu la chai hapa Manga, kapu mgongoni, nikitazama njia na njia haina mtu. Usicheke bado. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, lakini kwenye simu nilikuwa kijana, tena kijana mtukutu.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia, nami ndiye niliyesimamia kundi la WhatsApp la kijiji. Siasa humo, matangazo ya mazishi humo, na zamu za egesangio humo humo, yaani ule utaratibu wetu wa majirani kuchumiana chai, leo kwako, kesho kwangu. Basi Mama Bosibori, mjane wa boma la chini, akaandika kwamba mgombea wangu anatuahidi barabara ile ile kwa mara ya pili. Neno la kweli, likaniuma! Nikamjibu, "Kibogoyo hatafuni siasa," kisha nikamtoa kundini. Aliyesema nimekosa adabu, nikamtoa. Aliyeweka alama ya kucheka, nikamtoa pia, sijui hata kwa nini. Wakabaki wale waliokuwa wakiniitikia "Mheshimiwa!" kila nikikohoa, na kichwa kikanivimba kweli kweli.

Wiki hiyo mke wangu Kerubo akateleza mtelemkoni, akavunjika mkono. Zamu yetu ya egesangio ilikuwa Jumatatu, na chai ilikuwa karibu kupitiliza. Majani yakikomaa, kituoni wanakonunua chai wanayakataa. Nikatangaza kundini. "Pole, Mheshimiwa!" "Tuko pamoja, Mheshimiwa!" Walioandika hivyo, mmoja yuko Nairobi, mwingine Mombasa, wa tatu Qatar. Wachumaji wenyewe nilikuwa nimewafukuza wote, na tangazo hawakuliona. Hakuja mtu, ng'o!

Nilikuwa nimechuma konzi mbili tatu tu, nikasikia vicheko njiani. Mama Bosibori mbele na kapu lake, nyuma yake majirani tisa. Kumbe Kerubo, na mkono wake umefungwa, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba jana yake bila kuniambia.

"Bwakire, Mheshimiwa," Mama akanisalimu.

Nilitamani ardhi inimeze. "Mama, nisamehe. Nilikutukana mbele za watu."

"Basi uniombe radhi mbele za watu hao hao. Ulinitoa kwenye simu, hukunitoa Manga. Na mgombea wako bado ni mwongo."

"Si mwongo, Mama, ile barabara..."

"Chuma huku ukijibu!"

Lo! Tukachuma tukibishana, yeye mstari wake, mimi wangu, tunatazamana. Akanibana kwa hoja, nami nikambana, na majirani wakacheka mpaka wengine wakaweka makapu chini. Lori lilipofika kituoni, chai yetu yote ilikuwa pale. Sijapata kufurahi hivyo siku ya kushindwa, maana nilishindwa, nakwambia kweli.

Mchana ule ule nikawarudisha wote kundini, nikaomba radhi humo humo bila kuzungukazunguka. Jibu la kwanza la Mama Bosibori lilikuwa picha ya mgombea wake, kubwa kuliko simu yenyewe! Nikaiacha hapo.

Sasa sikia, mwanangu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kidole cha kuandikia ni ulimi vile vile. Sikwambii unyamaze. Bisha! Waulize viongozi maswali magumu, usimwogope mtu. Vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Ila igonge hoja, mwenye hoja umwache mzima. Neno usiloweza kumwambia mtu mkiwa shambani uso kwa uso, usimwandikie. Na ukikabidhiwa kundi, usimfunge mdomo anayekupinga, kwa sababu huyo ndiye anayekusikiliza hasa. Hao wa "Mheshimiwa" hata hawasomi.

Haya, nenda. Mungu akupe ulimi mkweli usio na sumu, akupe na majirani watakaokubishia mpaka uzeeni, na bado waje kukuchumia chai.