Bibi Yangu Alikohoa Badala Yangu

Miaka ile Élisabethville, mji wetu wa Kongo, iliamka ndani ya moshi, nami niliupenda. Ulitoka kwenye bomba refu la kiwanda cha shaba, ukashuka polepole juu ya mabati ya Kenya, mtaa wetu, na juu ya nguo zilizoanikwa, mpaka mji wote ukawa kama kitu ninachokiona nikiwa bado usingizini. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye tanuru la kiwanda kile. Nilipotoka nikapasua kichuguu, nikakanyaga udongo wake, nikachoma matofali. Darasani nilikaa kidogo tu, lakini tembea Kenya: nyumba zilizosimama wima, nyingi ni matofali yangu.

Sebule yangu ilikuwa ya sementi nyekundu. Bibi yangu, mama wa watoto wangu, aliisugua mpaka mwanga wa dirisha ukaelea ndani yake kama ndani ya maji. Kila nikimwona ameinama pale, nilimkumbuka jirani yetu mjane. Siku mume wake alipozikwa, ndugu za marehemu walibeba viti, kitanda, hata mlango. Desturi yetu ndiyo hiyo, mali ya mume ni ya ukoo wake. Yule mama alibaki ameketi chini mbele ya tundu la mlango, upepo ukiingia na kutoka kama mgeni asiye na haya.

Ndiyo maana nilimwita Mzungu wa bima, ile tuliyoiita asiransi. Alinieleza kwamba nikifa, pesa zitawekwa mkononi mwa bibi yangu, si mwa kaka zangu. Ila nijibu kweli. Uongo ukigunduliwa, bibi hapati kitu.

Alikuja mchana, wakati wa joto, akafungua kalamu yake.

“Weye nakunywa pombe?”

Nikatoa kifua mbele. Kwetu mtu asiyenywesha wenzake ni maskini.

“Sana, Bwana! Siku ya mushahara, avenue yote inalewa juu yangu!”

“Sigara?”

“Ya pakiti, Bwana. Miye si muntu wa kujikunjia tumbaku.”

Aliandika kwa muda mrefu. Nilidhani ananisifu.

“Na kifua? Weye nakohoa?”

“Hapana! Miye niko nguvu. Minabeba matofali kupita bantu babili.”

Matofali kweli nilibeba. Lakini tangu siku za tanurini, kila alfajiri kifua kilinishika. Nani angemwambia mgeni? Sisi tuliamini kwamba ugonjwa ukiutaja, umeuandalia kiti.

Na mke wa kwetu hampingi mume wake mbele ya mgeni. Bibi yangu alikuwa jikoni, nyuma ya pazia. Kisha kutoka kule nikakisikia kikohozi changu. Kilikuwa changu kabisa: mikato mifupi, kisha mkwaruzo mrefu, na mwishoni mluzi mwembamba, kama ndege anayepotea mbali. Ilikuwa kama nimeshakufa, na kifua changu kimebaki nyumbani peke yake.

“Nani iko mugonjwa kule?” Mzungu akauliza.

“Hakuna mugonjwa, Bwana,” bibi yangu akajibu kwa adabu kubwa, pazia likitikisika. “Minakohoa ya Baba batoto. Ye anasahau yake.”

Mzungu akacheka mpaka akavua miwani. Mimi nikaenda kwenye pazia.

“We mama, unatafuta kunipatisha haya?”

“Hapana, Baba batoto,” akanong'ona. “Minatafuta mulango wangu.”

Nilirudi kwenye kiti, nikasema yote: tanuru, alfajiri, mluzi. Nikaenda kwa daktari, naye akasikiliza mgongo wangu, macho yameelekea dirishani kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali. Watu wa asiransi walinikubali, kwa malipo makubwa kuliko ya mtu mwenye kifua kizima. Nalipa. Avenue yetu yote, nani mwingine ana kikohozi kilichopigwa kwa mashini kwenye karatasi ya asiransi, na muhuri juu?

Alfajiri kikinishika, natoka nisimame mlangoni, watoto wasiamke. Moshi unashuka, mji haujawa mji bado. Nyuma yangu nasikia sauti ya usingizi:

“Baba batoto, funga mulango wangu. Baridi inaingia.”

Nafunga.