Dirisha la Mke Mwenzangu Nililosema Ni Zima

Nilimkosea mke mwenzangu. Nilimkosea kwa mdomo wangu huu, mchana kweupe, akina mama wote wakinisikia. Leo nataka kulitoa hili jambo, maana limenikaa kifuani mpaka nashindwa hata kuimba kanisani.

Sisi ni watu wa Kwa Vonza, upande wa Kitui. Mume wetu alikuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, anakuja nyumbani Krismasi na wakati wa kupanda. Mimi ndiye wa kwanza. Wa pili nitamwita Ndinda. Boma letu ni moja, nyumba zetu zinaangaliana, katikati ni uwanja wa kuanikia ndengu.

Nyumba yangu ilijengwa wakati mume hana kitu. Madirisha yake yalikuwa mbao tupu. Ukifunga, giza. Ukifungua, vumbi na kuku. Halafu akaja kumjengea Ndinda, na Ndinda akawekewa madirisha ya vioo!

Wacheni niwaambie wivu ni nini. Jioni jua likishuka lilikuwa linapiga vile vioo, mwangaza unavuka uwanja, unaingia jikoni kwangu mpaka kwenye sufuria. Ai! Nilikuwa nageuza kigoda niupe mlango mgongo. Nililichukia hata jua lenyewe, na jua halijanikosea.

Na ubaya ni kwamba Ndinda hakuwa na madharau. Angekuwa nayo ningepata nafuu! Akipika isyo, yale mahindi na maharagwe yetu, ananiletea bakuli. "Mama Mutua, hebu onja, chumvi imetosha?" Mimi nakula mpaka namaliza, huku nasema moyoni, huyu amekuja kunionyesha ana mafuta ya kukaangia.

Tena alikuwa hodari wa kusuka viondo. Wachuuzi wakija kutoka Kitui wanapita mlango wangu wakiuliza, "Kwa Ndinda ni hapa?" Si hapa! Ni pale penye vioo, nyinyi hamna macho?

Basi, kikundi chetu cha akina mama, mwethya kama tunavyokiita, kilikuwa na desturi. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa tunazunguka nyumba za wanachama, tunaangalia ni ya nani imechoka. Mbao na vioo tulivyochangia vilikuwa vya kutosha nyumba moja tu, kwa hivyo kulikuwa na zamu. Mwaka ule zamu ilikuwa ya Ndinda, lakini ni mpaka ionekane kweli nyumba yake ina haja.

Kukagua madirisha niliachiwa mimi. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, nimekua nikimshikia mbao, na akina mama walijua hivyo. Nikisema limeoza, limeoza. Nikisema ni zima, hakuna anayeuliza tena.

Huku kwetu mchwa ndio adui. Mchwa hali mbao kwa nje. Anaingia chini kwa chini, anakula utumbo wa fremu, anakuachia ngozi na rangi yake nzuri. Kwa hivyo dirisha haliangaliwi kwa macho peke yake. Unaligonga. Mbao nzima inakujibu, iliyoliwa inatoa sauti ya kibuyu kitupu. Unabonyeza kwa kidole pale chini maji yanapotulia. Unaangalia kama pati inayoshika kioo imekatika, kama rangi imefura, kama kuna mstari wa udongo unaopanda ukutani.

Nikaligonga dirisha la Ndinda la chumba cha mbele. Woi! Tupu kabisa. Nikabonyeza, kidole kikazama. Kipande cha rangi kikanibakia mkononi, na ndani nikaona mchwa weupe wakikimbia.

Mnajua nilifanya nini? Nilitazama nyuma. Wenzangu walikuwa wangali mlangoni wakisifu kiondo. Nikatia ile rangi mate, nikaibandika mahali pake, nikapangusa kidole kwa leso.

Nilikuwa nafikiria nini? Nilikuwa nafikiria, ana vioo tayari, na sasa aongezewe vingine vipya? Vyangu viko wapi? Hayo tu. Sikufikiria mvua, sikufikiria upepo, sikumfikiria mtu.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mama Mutua, unaonaje?"

"Haya ni mazima," nikasema. "Hapa hakuna kazi."

Nikangoja Ndinda alalamike. Nilitaka alalamike, nimwone akiwa na uchoyo angalau siku moja! Akacheka tu. Akasema, "Basi kama yangu ni mazima, zamu yangu mpatieni Mama Mutua. Yeye ndiye mkubwa wa boma hili na hana hata kioo kimoja. Mimi naona haya kila nikitazama kule."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama pale kama nimemwagiwa maji. Hapo ndipo ningesema! Ningesema, "Ngojeni, nirudie kugonga." Maneno mawili matatu tu. Sikusema, kwa sababu moyo ulikuwa tayari umeviona vioo kwenye nyumba yangu.

Wakaja wakanifanyia kazi. Ndinda mwenyewe alichota maji ya simiti, kutoka mtoni mpaka kwangu, akitoka jasho na kunitania, "Sasa Mama Mutua utakuwa unaniona nikiiba sukari!" Nilicheka naye. Mungu anisamehe, na furaha nilikuwa nayo.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri, na upepo mbele yake. Mimi nilikuwa ndani nikiangalia nje kupitia kioo changu kipya. Nilimwona Ndinda akikimbia kufunga lile dirisha la mbele. Nilimwona akilishika na kulivuta. Fremu yote ikang'oka ukutani, mbao na vioo pamoja, na yeye akanyoosha mkono kuizuia.

Nilifika kwake mvua ikiwa imenilowesha mpaka mifupa. Damu ilikuwa juu ya ukindu, juu ya kiondo alichokuwa amekianza. Nikamfunga mkono na leso yangu. Alikuwa ananiambia, "Mama Mutua, angalia watoto wasikanyage vioo." Mwenye duka mmoja alitupeleka hospitali Kitui na pikapu yake.

Kidonda kilipona. Vidole havikupona. Viwili vimelala vile vile mpaka leo, havishiki kitu. Ndinda hajasuka kiondo tena, na viondo ndivyo vilikuwa vinasomesha watoto wake. Msichana wake mkubwa alikatisha shule akarudi kusaidia nyumbani.

Mume alipokuja alimfokea Ndinda. Ati kwa nini hakuangalia nyumba yake! Ndinda akamjibu polepole, "Ilikaguliwa. Mama Mutua alisema ni nzima. Mchwa wanaweza kudanganya hata seremala." Nilikuwa nimekaa pale pale na kikombe cha chai. Nikakinywa chote.

Tangu hapo namfulia, namchotea maji, namlimia shamba. Watu wananisifu. Pasta alinisimamisha mbele ya kanisa, akasema wake wenza wajifunze kwangu. Kila sifa ilinichoma, na bado niliketi na uso wa mtu mwema.

Wenzangu mnaosoma haya, sikilizeni. Gongeni madirisha yenu kabla ya mvua, msidanganywe na rangi. Na ukiitwa kuangalia nyumba ya mtu usiyempenda, sema ulichokiona. Ukishindwa kusema, kaa kwako, useme unaumwa na kichwa! Wivu hausemi, "Mwumize." Unakwambia tu, "Nyamaza kidogo." Mimi nilinyamaza kidogo.

Majina nimeyabadilisha, lakini lile boma, mwenyewe atalijua. Ndinda hajui kusoma. Gazeti hili likifika kwetu, msichana wake humsomea mama yake jioni, na mimi huwasikia wakicheka.

Sasa wewe msichana, najua umefika hapa na sauti imekukatika. Usiruke. Usimwambie mama kwamba ukurasa umeraruka. Msomee pale penye mate na rangi, umsomee mara ya pili kama hakusikia vizuri.

Ndinda, ni mimi. Niko kwangu, sijafunga mlango. Njoo na maneno yoyote uliyo nayo.