Anza na Mdomo

Siku ng'ombe wa mahari yangu walipofika kwetu Ludara, Koboko, nilikuwa nimefungiwa ndani na shangazi zangu, kama desturi ya kwetu inavyotaka. Bi harusi hatoki kuchungulia mahari yake, asije akaonekana ana haraka ya kuolewa. Haraka nilikuwa nayo, tena tele, ila niliificha.

Mara nikasikia baba ananiita uani. Shangazi mkubwa akakataa katakata. Baba akaita tena, na safari hii hakuna aliyebisha.

Kabla ya vita vya 1979 baba alifanya kazi kwenye josho la ng'ombe huko kusini mwa nchi. Huko aliona ndama wakivimba tezi chini ya masikio, wanawaka homa, wanakufa zizi zima, kwa ajili ya kupe mdogo wa kahawia anayependa kujificha sikioni. Kwetu kupe huyo alikuwa adimu. Tuliporudi kutoka ukimbizini Zaire, baba alianza upya na ng'ombe wachache, akiwalinda kama mboni ya jicho. Macho yenyewe yalikuwa yameanza kumtupa, maana mtoto wa jicho alimwingia kushoto na kulia. Basi mimi ndiye niliyekuwa nikimkagulia kupe: nataja ninachokiona, yeye anasema ni yupi.

Mmoja wa ng'ombe wa mahari, mtamba aliyenunuliwa kwa mfanyabiashara wa kusini, alikuwa na kupe sikioni. Vidole vya baba vilikuwa vimewagusa kupe hao, ila bila macho yangu hakuweza kujua ni wa aina gani. Nikasimama mbele ya wakwe, khanga mpya kichwani, sikio la ng'ombe mkononi.

"Wacha ile imeshiba damu," baba akasema. "Hiyo inadanganya mutu. Tafuta nyembamba. Anza na mdomo."

"Iko fupi, baba."

Basi hakuwa yule kupe mkubwa mwenye mdomo mrefu na miguu ya mistari. Mgongo ulikuwa kahawia mtupu, hauna pambo. Ikabaki miguu. Ikiwa myeupe, ni yule kupe wa bluu tuliyemzoea, asiyeleta homa ile, na harusi inaendelea. Ikiwa kahawia, ni yule muuaji wa ndama, na baba hatamruhusu mtamba yule kukanyaga zizi lake, na wakwe wakiona wamedharauliwa wataondoka na ng'ombe wote. Nilijua hayo, na baba alijua kwamba ninajua. Neno moja tu la uongo lingenipeleka Aroi kwa kijana niliyempenda.

"Mguu yake?" akauliza.

Alikuwa amenigeuzia uso, macho yake meupe yakitazama kando kidogo ya pale niliposimama. Nilimpenda baba yangu pia.

"Iko kahawia, baba. Yote."

Mjomba wa bwana harusi akaanza kufoka kwamba ng'ombe ni mzima, anakula vizuri, na kwamba sisi watu wa Koboko tunajifanya wajuaji. Baba akamwacha amalize. Kisha akasema anapokea ng'ombe wote, hakatai hata mmoja, ila mtamba huyu anampa binti yake awe mwanzo wa zizi lake. Arudi naye Aroi, amfunge peke yake, ampige dawa, amkague masikio kila asubuhi.

"Yeye iko na macho yangu," akasema. "Sasa nawapa ninyi."

Mjomba akashika kamba ya mtamba. Shangazi mkubwa akaniburuta ndani, ananigombeza huku analia.

Mtamba alisalimika. Mwaka uliofuata baba alikuja Aroi kumwona mtoto wangu wa kwanza. Wakati huo alikuwa haoni ila mwanga. Nilimpakatisha mtoto, nikamwambia ni msichana, tena mzuri. Akatikisa kichwa, jibu la namna hiyo hakuwahi kulikubali kwangu.

"Anza na mdomo, mama," akasema.

Nikaanza na mdomo, nikashuka polepole. Nilipofika miguuni nikamwambia kama siku ile uani: "Iko kahawia, baba. Yote."