Mizunguko Kumi Kabla ya Mvua

Baba alinipa shamba lake la Dutwa kwa sharti moja. Pamba ilishavunwa, mabua yameng'olewa na kuchomwa, na mimi nilikuwa nimemsumbua wiki nzima aniachie nichonge njia ya kujifunzia mbio kwa gari langu la umeme.

"Ukizunguka mara kumi kwa kasi bila kusimama, kabla ya mvua, mwaka huu silimi hapo," alisema. "Ukishindwa, ni pamba."

Mara kumi tu! Nilicheka. Nikapigilia vigingi, nikatengeneza njia yenye kona nne, nikavaa kofia ya pikipiki.

Mzunguko wa tatu, picha ya kobe ikawaka kwenye dashibodi. Betri ilikuwa imepata moto, na gari likajipunguzia nguvu lenyewe bila kuniuliza, likatambaa mbele ya baba aliyekuwa amekaa juu ya mkokoteni akihesabu.

"Hata punda wangu huchoka baadaye kidogo," alisema.

Nilitamani kulipiga teke. Tena safari ya kutoka nyumbani Bariadi ilikuwa inakula chaji, hivyo ilibidi nichaji kwa fundi wa kuchomelea mageti pale Dutwa, na kila aliposhika kazi yake umeme ulipungua na chaji ikakatika. Niliwahi kukaa kwenye benchi lake tangu asubuhi hadi saa tisa nikiangalia asilimia zisizopanda. Nilichukia gari, nilichukia mageti, nilimchukia kila aliyekuwa akijenga nyumba msimu ule.

Halafu ng'ombe. Gari la dizeli wanalisikia mbali wanajitoa. Langu liko kimya, kwa hiyo walisimama katikati ya kona wakicheua, wakishtuka ninapofika puani mwao.

Haraka haraka haina baraka, nililijua hilo tangu utoto, ila mguu wangu haukujua. Ulichukua wiki kadhaa kujifunza: usikanyage mpaka mwisho, uachie mapema kabla ya kona, gari lijizuie lenyewe na kurudisha umeme kidogo kwenye betri. Kobe akaacha kuja. Nikafika mizunguko sita, kisha saba.

Siku ya mwisho aliyonipa baba, mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Kasoli. Mzunguko wa nane ulikuwa safi. Wa tisa nilianza kuimba ndani ya kofia. Natoka kona ya tatu, namwona baba mkubwa, kaka yake baba, yuko katikati ya njia na fimbo yake begani. Hakusikia kitu.

Nafasi ya kumpita ilikuwepo. Naapa ilikuwepo, upande wa kushoto, pana kabisa. Lakini kwetu humpiti mzee kama unapita kisiki, na salamu ya dirishani si salamu. Nilisimama. Nikashuka, nikavua kofia, nikainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwadila, ng'wanone!" Akaendelea kwa Kisukuma, kuniita mwanawe na kuulizia amani. "Nyumbani mhola?"

"Mhola, baba."

"Watoto? Ng'ombe? Na mvua huko Bariadi imeshanyesha?"

Nilijibu yote, moja moja, huku nikiwa nataka kulia kwa hasira. Alipoondoka nilimwendea baba pale kwenye mkokoteni.

"Gari halikuchoka," nilisema. "Uliona mwenyewe. Nilisimama kwa ajili ya kaka yako."

"Niliona. Ungempita, usingelala kwangu leo." Akashuka, akajikung'uta suruali. "Na kwa kuwa umesimama, ni pamba."

Mvua ilinyesha siku mbili baadaye. Baba alinikabidhi ng'ombe wa kulimia, niwaongoze mimi. Sehemu nyingine plau ilizama vizuri. Tulipofika kwenye njia yangu, plau ilikwaruza tu juu, ng'ombe wakasimama, kwa sababu matairi yangu yalikuwa yameshindilia udongo ukawa kama sakafu. Baba alinyoosha mkono akanipa jembe la mkono. Nilianza kona ya kwanza. Nilizunguka yote kwa jembe, kona zote nne, na safari hiyo hakuna aliyekuja kunisalimia.