Tangazo Baada ya Misa

Jumamosi, hapa Maguu, mwenyekiti wa kijiji alisimama barabarani peke yake na jembe lake. Alikuwa ameita kaya zote zije kuziba mashimo kabla malori ya kahawa hayajaanza kukwama. Hakuja mtu.

Jumapili, baada ya misa, katekista akatangaza jambo lilelile kwa sentensi moja. Jumatatu asubuhi barabara ilijaa watu.

Mwenyekiti alishika kiuno. "Jamani, si mlinichagua wenyewe?"

Mama mmoja akajibu huku akifukia shimo, bila kumtazama: "Tulikuchagua, baba. Kukusikiliza hatukuahidi."

Tulicheka sana. Lakini tangu hapo sijatulia. Siku katekista akitangaza tumfukuze jirani, nani atauliza kwa nini? Jumatatu ile hakuna aliyeuliza. Hata mimi nilikwenda na jembe.