Jina la Kontxesi Chini ya Picha

Inaxi Olaizola alitoka kwenye ukumbi wa sinema akishika ukuta. Magoti yalikuwa yamekaza kwa kukaa na macho yakimwasha, lakini hayo aliyazoea. Kilichomchosha ni kwamba amefika miaka themanini na ushee bila kuolewa, na leo, kwenye tamasha la filamu, mbele ya watu wa mji wa Donostia, ameozeshwa.

Garazi, yule binti aliyetengeneza filamu, alimkimbilia huku ndani makofi hayajaisha.

"Bibi Inaxi! Umewaona wanavyolia? Umeionaje?"

"Nimeona umenipa mume."

"Mume gani?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza. Ni mrefu? Anakoroma? Maana naambiwa nimelala naye miaka arobaini, na sura yake siijui."

Filamu yenyewe ilikuwa ya wanawake wa kiwanda cha dagaa cha Getaria, mji wake wa pwani, wale waliokaa kutwa kwenye meza ndefu wakichambua dagaa wa chumvi mpaka ngozi ya vidole ikawa laini kama karatasi iliyolowa. Inaxi aliingia pale angali anasukwa nywele na mama yake. Mbele ya kamera alisema mengi ya samaki, halafu, pasipo kuulizwa, akasema ya mwenzake. Alivyomkanda vidole kwa mafuta jioni. Alivyougua kifua. Alivyokufa wakati wa baridi huku akiuliza kama madirisha yamefungwa. Aliyasema kwa Kibaski, lugha ya kwao kaskazini mwa Hispania, na Kibaski ni kama hiki chetu: ukisema "yeye" hujasema mwanamume wala mwanamke. Alisema laguna, yaani mwenzangu, neno alilolitumia maisha yake yote dukani, kanisani na kwa daktari. Wawili hao walijikinga chini ya neno hilo kama chini ya mwavuli mmoja, na katika nchi ile ya manyunyu hakuna aliyewauliza.

Kihispania hakina huruma hiyo. Ukifungua mdomo tu lazima useme ni wa kiume au wa kike. Aliyeandika tafsiri ile inayopita chini ya picha aliletewa maneno tu, na Garazi, mtoto wa mjini ambaye hakuwahi kufika jikoni kwa Inaxi, hakuuliza. Basi aliyekanda vidole akawa mwanamume, na aliyekufa akawa marehemu bwana.

Garazi alikaa kwenye ngazi.

"Alikuwa mwanamke," alisema.

"Alikuwa Kontxesi."

Kisha Garazi akaanza kusema polepole, kama anayemwamsha mgonjwa. Hapo tamashani kulikuwa na tuzo ya filamu zinazohusu wanawake wanaopenda wanawake na wanaume wanaopenda wanaume. Majaji wake wangeitazama filamu Alhamisi, itakapoonyeshwa mara ya pili. Yeye angeweza kusahihisha maandishi kabla ya siku hiyo.

"Kumbe siku hizi mnapewa na zawadi," Inaxi alisema. "Enzi zetu zawadi ilikuwa kutosemwa."

"Ila ukikubali, bibi, kila mtu atajua. Hata Getaria."

"Getaria wanajua."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Wanajua. Hawajaambiwa."

Tatizo lilikuwa na jina, nalo ni Xanti, kaka wa Kontxesi. Siku ya mazishi padri alipouliza yule mama aliyesimama karibu na jeneza ni nani, Xanti alijibu: "Rafiki wa dada. Basi." Lakini tangu siku hiyo hakukosa Jumapili hata moja mezani kwa Inaxi. Wenzake Inaxi wa kiwandani wamekufa, wengine wamepelekwa kwenye nyumba za wazee, hawakumbuki hata majina yao. Aliyebaki wa kula naye ni huyo mmoja, mkali, kiziwi wa sikio la kushoto.

Jumapili Inaxi alipika mchuzi wa jodari na viazi, akamweleza. Xanti aliweka kijiko chini.

"Mwambie huyo mtoto amwache mume alipo. Mume ana ubaya gani? Halewi, hagombi, hakudai chakula."

"Xanti."

"Dada yangu hakupenda kutazamwa."

"Kweli, hakupenda."

"Basi!"

"Lakini kuitwa mwanamume alichukia zaidi. Umesahau yule msimamizi aliyemwita dume? Alimvika ndoo ya utumbo wa samaki kichwani."

Mdomo wa Xanti ulitaka kucheka, akaukataza. Akainuka, akavaa kofia yake.

"Wakiyaandika hayo, mezani hapa usiniwekee tena sahani."

Mchuzi wake ulipoa pale pale. Inaxi hakuwa na nguvu ya kuumwaga wala ya kulia. Aliutazama tu. Amechoka kuficha, na sasa amechoka hata kabla ya kufichua. Lakini kila alipofumba macho alimwona Kontxesi kwenye picha kubwa akiwa amevishwa suruali ya mtu asiyemjua, na hakuna wa kumvua ila yeye.

Kesho yake Garazi alipiga simu.

"Nakubali," Inaxi alisema.

"Sasa niandike nini, bibi? Mke wako?"

"Nani alitufungisha ndoa?"

"Rafiki?"

"Rafiki ni wa kunywa naye kahawa."

"Mpenzi?"

"Hebu nionee huruma! Na meno haya?"

"Basi mwenzako, kwa Kihispania."

"Kwa Kihispania ndivyo walivyotuita wale wa chama cha wafanyakazi walipotaka tugome. Chama cha wafanyakazi hakikunikanda vidole." Akavuta pumzi. "Mwanangu, nimechoka. Andika jina lake. Kila ulipoweka yule bwana, weka Kontxesi. Na uandike kwa tx ya Kibaski, si kwa ch ya Kihispania."

Maana enzi za Franco, dikteta wa Hispania, majina ya Kibaski yalikatazwa, na karani alimwandika kwa Kihispania, Concepción. Concepción benki, Concepción hospitalini, Concepción kwenye jiwe la kaburi. Kontxesi alikuwa sauti tu, ya kuitwa kutoka dirishani.

Alhamisi Inaxi alipanda basi tena. Safari hii hakuitazama sura yake mwenyewe. Alitazama maandishi ya chini. Kontxesi alinikanda vidole. Kontxesi aliugua. Kontxesi aliuliza kama madirisha yamefungwa. Herufi nyeupe zilikuja, zikakaa kidogo, zikaenda, nyuma yake mwanamke mmoja akapenga kamasi.

Tuzo ilikwenda kwa filamu ya nchi nyingine. Garazi alilia, Inaxi akampa leso. Hakuhuzunika, kuhuzunika nako kunataka miguu mizima.

Jumapili alipika chungu kile kile, kwa kuwa kupikia mtu mmoja hakujifunza. Kengele za misa zikapita. Akala peke yake, akafuta meza. Alikuwa anasinzia kitini mlango uliposukumwa, Xanti akaingia, kofia imelowa.

"Tuzo mmekosa," alisema.

"Tumekosa."

"Nilikwenda Alhamisi. Nilikaa nyuma."

Inaxi alifungua macho yote mawili. "Ukasoma?"

"Sikuwa na miwani."

"Uliisahau?"

"Sikuisahau. Niliiacha." Alivua kofia, akaikung'uta maji sakafuni kama mtu asiye na adabu. Kisha, bila kumtazama: "Waliandikaje? Kama kaburini?"

"Kwa tx."

Xanti aligeuza kofia mikononi, mzunguko mmoja, mwingine.

"Kwa tx," alisema.

"Kila mahali."

Alivuta kiti chake kile kile cha upande wa sikio zima, akaketi, akaitazama meza tupu kwa hasira.

"Sahani yangu iko wapi?"

"Ulisema nisikuwekee."

"Nilisema usiniwekee. Sikusema usinipe."

Inaxi alishika ukingo wa meza, akajisukuma juu taratibu, goti moja kisha la pili, akaenda kabatini.