Marehemu Aliyevaa Ovaroli

Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka kila mmoja achague mhusika katika riwaya tuliyokuwa tukiisoma, amtungie shairi. Wenzangu walimgombania bibi harusi. Mimi nilimchukua marehemu, mzee asiye na kivuli, anayerudi kwake bila kujua kwamba amekufa.

Riwaya ilimpa ukurasa mmoja tu. Nilikwama siku mbili. Ndipo nikaanza kumwangalia baba.

Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo huku Nyakato, mpaka walipopunguzwa kazi. Mitumba ilikuwa imejaa mjini, na redioni walituambia ndiyo soko huria. Lakini baba aliendelea kuamka alfajiri, kuvaa ovaroli yake ya bluu na kutoka. Jirani alituambia humwona ziwani, amekaa juu ya mawe, hazungumzi na mtu. Alasiri alirudi, akanawa mikono bombani hadi viwikoni, kana kwamba ina grisi. Zamani tulimpokea kwa "pole na kazi". Sasa tuliona haya kulitamka neno hilo. Alisimama kidogo mlangoni, kisha akaingia.

Yote hayo nilimpa marehemu wangu:

*Afika kwake nyumbani, neno pole haambiwi,*
*Yupo hayupo jamani, hata chai hagawiwi.*

Mwalimu alilipenda, akalisoma mbele ya darasa. Nilitembea kwa maringo wiki nzima.

Jumamosi nilikuwa nafua uani, baba akaniita. Daftari langu lilikuwa mkononi mwake.

"Mama," akasema, kama alivyozoea kuniita mimi bintiye, "huyu ni nani?"

"Wa kwenye riwaya, baba. Amekufa."

"Amekufa na ovaroli?"

Kwenye riwaya alivaa kanzu.

Akasoma tena, kidole chini ya kila neno. "Na mwenyewe hajui."

"Hajui."

"Nyumbani kwake wanajua?"

Povu lilikuwa linanikaukia mikononi. "Wanajua," nikasema.

Akalifunga daftari taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili. "Umeandika vizuri," akasema, akaingia ndani.

Jumatatu alivaa shati na suruali ya kawaida. Kabla mwezi haujaisha alihamia Misungwi, kwenye shamba la bibi, akalima mpunga na pamba. Hakunigombeza hata siku moja. Kila mavuno alituletea mchele, mwili umejaa, sauti imerudi. Mama alisema ni heri shairi lile liliandikwa. Labda.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, aliwabeba hata wanangu. Lakini kila alipokuja mjini, kabla sijamwamkia, macho yangu yalishuka yenyewe sakafuni kutazama kama ana kivuli. Nikishakiona, ndipo nilipoweza kusema shikamoo.